Kuwapeleka Watoto Mikumi kutoka Dar es Salaam

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ipo magharibi mwa Dar es Salaam, takriban kilomita 283 kwa barabara, na kwa familia yenye watoto wadogo naiona kuwa mbuga inayofaa kuanzia. Ilianzishwa mwaka 1964, ina eneo la kilomita za mraba 3,230, na sehemu itakayowavutia watoto zaidi ni uwanda wa Mkata, ambako nyasi zimetanda mpaka macho yanachoka kuzifuata. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: mlale huko, ikiwezekana siku mbili.

Sisi mara ya kwanza tulikwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tulitoka Tabata saa mbili asubuhi, tukakwama kwenye foleni, tukafika getini jua likiwa la utosi, wakati ambao simba wamejilaza vichakani na hata swala wamekimbilia vivuli. Watoto walisinzia. Wanyama wengi huzunguka na kula alfajiri na jioni, na geti hufunguliwa asubuhi na mapema. Kwa hiyo aliyelala kwenye nyumba za wageni za mji wa Mikumi, au ndani ya hifadhi kwenyewe, huingia mbugani wakati ule ule ambao familia inayotoka Dar bado ipo Chalinze.

Likizo ya mwezi Juni ndiyo bora. Masika yanakuwa yamekwisha, na udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hunasa magurudumu kama ulimbo, unakuwa umekauka. Likizo ya Desemba pia inafaa, ila nyasi huwa zimeanza kurefuka na mtoto mfupi ataona masikio ya wanyama kuliko miili yao.

Mwenye gari aondoke saa kumi na moja alfajiri ili aipite Kibaha kabla ya msongamano. Asiyependa kuendesha mwendo mrefu anaweza kupanda treni ya SGR, inayofanya safari za Morogoro tangu Juni 2024, kisha akakodi gari pale Morogoro. Chagueni lililoinuka, kwa sababu njia za ndani ya hifadhi ni za udongo. Barabara kuu yenyewe hukatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, kwa hiyo watoto wataanza kuhesabu twiga na tembo kabla hamjalipa chochote. Hapo punguzeni mwendo kwa dhati, maana wanyama hugongwa, na vibao vya faini vimewekwa kwa sababu hiyo. Wakatazeni watoto kuwarushia nyani ndizi, hata wakiona abiria wa mabasi wakifanya hivyo, kwani nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani akisubiri, na mwisho wake ni kugongwa.

Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kwa kiwango kilicho chini sana kuliko cha wageni, hivyo bebeni vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nguo ziwe za rangi ya kaki au kijani kilichofifia, kwa sababu mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Jioni vaeni mikono mirefu, na usiku msilale bila chandarua.

Ndani ya gari, mpeni kila mtoto kazi yake: mmoja ashike darubini, mwingine aandike majina ya wanyama kwenye daftari, mdogo kabisa aangalie upande wa kushoto. Anzeni kwenye bwawa la viboko, kwani viboko huwa hawaondoki ghafla na mtoto hupata muda wa kuuliza maswali yote aliyonayo. Kushuka garini kunaruhusiwa mahali palipotengwa tu. Wapelekeni wote msalani kabla ya kuondoka getini, hata anayeapa kwamba hana haja.

Wenye watoto wakubwa waongeze siku ya tatu, wafuate barabara ya Ifakara hadi Milima ya Udzungwa, wakapande na mwongozaji kwenda kwenye maporomoko ya Sanje yenye urefu wa takriban mita 170. Siku ya kurudi, ondokeni Mikumi kabla ya saa nne asubuhi, muwe mmeshavuka Kibaha kabla foleni ya jioni haijaanza.