Kufundisha derivativu kwa simu na maji ya bamvua: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa walimu wenzangu mnaofundisha hesabu mwaka wa kwanza chuoni, Tunguu au popote pale Unguja na Pemba, na ninachotaka kukwambieni ni kimoja: mwanafunzi aandike kwanza anachodhani kitatokea, ndo baadae aguse simu. Ukigeuza mpangilio huo grafu inatokea kwenye skrini, darasa zima linasema tumefahamu, na wiki ya pili ukiuliza derivativu (kasi ya kubadilika kwa kitu) inaeleza nini wanakupa fomula tu na maana hawana.

Programu ninayotumia ni GeoGebra. Ni ya bure, aliianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg kule Austria, ipo ya simu na ya laptopu, na ukishaidanlodi inafanya kazi bila ya bando. Kwangu hilo la mwisho ndo lenye uzito, kwa sababu sitaki mwanafunzi akose somo kwa kuwa bando limemkatikia katikati ya kipindi.

Hatua ya 1: Matayarisho
Siku moja kabla waambie waidanlodi, mwenye nayo amrushie mwenzake. Simu moja kwa watu watatu inatosha, na mie naona ni bora kuliko kila mtu na yake, mana wakiwa watatu wanabishana, na mabishano hayo ndo somo lenyewe.

Hatua ya 2: Swali kwenye karatasi, simu zote mfukoni
Uliza hivi: siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yanapopwa, yanakwenda mbio zaidi wakati gani, yakianza tu kupwa, yakifika katikati, au yakikaribia kupwa kabisa? Kila mtu achore kwa mkono mstari wa kina cha maji kwa masaa 24, halafu chini yake achore mstari wa pili wa kasi ya maji. Wanafunzi wa Paje na Jambiani ambao mama zao wanalima mwani watakujibu haraka, wanajua mtu anavyoshuka pwani na anavyopaswa kuwahi kabla maji hayajarudi. Wa mjini watachora chochote, wape nafasi. Usisahihishe kitu hapa hata kama unawashwa na ulimi, karatasi zibaki mezani mpaka mwisho wa kipindi.

Hatua ya 3: Andika fanksheni
Sasa simu zitoke. Waandike mistari hii mmoja mmoja:

a = 1.2
b = 0.6
h(x) = 2 + a cos(2pi x/12.42) + b cos(2pi x/12)

Hapa x ni masaa, na h(x) ni kina cha maji kwa mita. Hiyo a na b zitakuwa slaida, unavuta kwa kidole. Hapa simama ueleze kila namba imetoka wapi, usipite mbio. 2 ni kina cha wastani. 12.42 ni masaa ya nusu siku ya mwezi, mana mwezi unarudi juu yetu kila baada ya masaa 24.84, ndo maana maji kila siku yanachelewa kama dakika 50. 12 ni nusu siku ya jua. Kwa hivyo a ni kimo maji yanachopanda kwa mvuto wa mwezi na b kwa mvuto wa jua, zote kwa mita. Namba za a na b nimeziweka za mazoezi, zinakaribia hali ya bahari yetu, lakini ukiwa na jedwali la maji la bandarini tumia la huko. x = 0 ni maji yamejaa siku ya bamvua, kwa hapa Unguja mida ya saa kumi alfajiri, na grafu itakuonesha yamepwa kabisa x ikiwa kama 6, yaani saa nne asubuhi. Mwanafunzi akiona saa nne imetoka yenyewe ndani ya fomula utamuona anavyokaa sawa kwenye kiti.

Hatua ya 4: Mstari unaokata, na k inayopungua
Hii ndo hatua ya kukaa nayo, kama kipindi kitakwisha hapa acha kiishe hapa. Waandike:

c = 1
k = 1
m = (h(c+k) - h(c))/k

na pia A = (c, h(c)), B = (c+k, h(c+k)), halafu Line(A, B). Herufi kubwa na ndogo zinahesabika, wengi wanakwama hapo tu. Ingia kwenye mpangilio wa slaida ya k, weka ipande kwa 0.01.

Kabla ya kuvuta waulize m ni kitu gani kwa lugha ya pwani. Jibu: ni wastani wa kasi ya maji baina ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, kwa mita kwa saa. Inatoka -0.63, alama ya kutoa kwa sababu maji yanashuka. Sasa vuta k pole pole, ikiwa 0.5 utapata -0.55, ikiwa 0.1 utapata -0.47, na kila k inavyopungua m inasogelea -0.45. Halafu waulize waandike: tukiweka k = 0 itatokea nini? Wengi wataandika -0.45. Waambie wavute mpaka sifuri. Mstari unapotea, na m inakuwa alama ya kuuliza. Acha wazungumze. Hapo ndo pa kuwaeleza limiti, kwamba hatuweki sifuri ndani ya k, tunauliza namba inaelekea wapi k ikikaribia sifuri bila ya kufika. Kwa ubao peke yake jambo hili linawachukua muda mrefu kuliamini, na kwa simu wameliona kwa kidole chao wenyewe.

Hatua ya 5: Derivativu nzima
Waandike h'(x), programu itaichora. Sasa waitoe ile karatasi ya hatua ya 2 waifananishe. Kasi ni sifuri maji yakijaa na yakipwa, na kubwa zaidi ni katikati, x ikiwa kama 3, ambapo maji yanashuka kiasi cha sentimita 92 kwa saa. Aliyekosea aandike sentensi moja kwa nini alidhani vile.

Baada ya hapo ubao, chaki, na kila mtu aitafute h'(x) kwa mkono kwa kanuni ya mnyororo. Hii usiiruke hata siku moja. Simu inaonesha kwamba jambo ni kweli, haioneshi kwa nini ni kweli, na mwenye kutaka kuwa mwalimu wa skuli kesho lazima aijue sababu.

Hatua ya 6: Bamvua na maji mafu
Finya skrini mpaka x ifike 720, yaani siku 30. Mawimbi yatabanana lakini utaona yanatanuka na kusinyaa: pale marefu ni bamvua, pale mafupi ni maji mafu. Baina ya bamvua na bamvua ni kama siku 14.8, nusu ya mwezi wa angani. Vuta b iwe 0, bamvua inapotea kabisa. Vuta b ilingane na a, maji mafu yanakuwa karibu hayatembei. Wenye nguvu wape kazi waithibitishe hali ya a = b kwa fomula ya kujumlisha kosaini mbili, halafu waitafute 14.8 kutoka 1/12 kutoa 1/12.42.

Hatua ya 7: Kazi ya nyumbani
Seva faili la ggb, yaani faili la GeoGebra, litume kwenye grupu la WhatsApp. Kila kundi litafute siku moja ya maji mafu kwenye grafu, lisome kasi kubwa ya siku hiyo, lilinganishe na ile ya bamvua, na lirudishe skrinshoti pamoja na ukurasa mmoja wa hesabu ya mkono uliopigwa picha. Mie maksi nyingi nazitia kwenye ukurasa wa mkono, na skrinshoti bila ya huo ukurasa siihesabu.