Unauza nyumba? Anza na ukuta wa chini

Kama unauza nyumba Dar, usikimbilie kupaka rangi sebuleni kabla hujakagua ukuta kwa chini, pale unapokutana na sakafu. Mnunuzi mzoefu huinama hapo kwanza. Akikuta rangi imevimba na plasta inamwagika akiigusa, anajua kuna unyevu, na bei inashuka papo hapo. Tafuta chanzo: mara nyingi ni bomba linalovuja bafuni au maji ya mvua yanayotuama nyuma ya nyumba. Rekebisha, kwangua, acha ukuta ukauke kabisa, piga plasta upya ndipo upake rangi. Kupaka juu ya unyevu ni kumdanganya mwenzako, na masika ya kwanza tu yatakuumbua.

Siku ya kuonyesha nyumba fungua madirisha mapema, hakikisha taa zinawaka na maji yanatoka. Punguza masofa, chumba kilichojaa huonekana kidogo.

Na jamani, weka tayari nakala ya hati na risiti za pango la ardhi, yaani malipo ya kila mwaka ya kiwanja kwa serikali. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU unaponunua umeme, lakini pango hulipwa kando, na wengi hulisahau mpaka mnunuzi aulize.