Namna ya Kula Ladha Inapopotea Baada ya Upasuaji

Aliyefanyiwa upasuaji wa sikio huweza kupoteza ladha upande mmoja wa ulimi, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaobeba ladha hupita katika sikio la kati; metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, nayo huacha ladha ya chuma, lakini dozi isikatishwe bila daktari. Kabla ya kula, asukutue kwa maji ya uvuguvugu na kusugua ulimi taratibu. Hapa Mtwara, ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha iliyokamuliwa ndimu, au korosho za kukaanga, huamsha hamu kwa ukali na mtafuno wake, ilimradi mdomoni hamna kidonda. Chumvi isizidishwe, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Uso ukipinda, arudi hospitali siku hiyohiyo.