Namna ya Kuandika Riwaya ya Maafa katika Ziwa Tanganyika

Mwandishi wa Kigoma anayetaka kutunga riwaya ya watu wasiojuana wanaopigania uhai majini hana haja ya kuazima bahari ya watu wengine. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, upana wa wastani wa kilomita 50 na kina kinachofika mita 1,470, hivyo boti iliyozimika injini katikati yake imekwama kwelikweli. Hata hivyo, miswada mingi ya aina hii huharibika mapema kwa sababu mtunzi amevihamishia ziwani visa vya baharini bila kuvipima. Msomaji wa Ujiji ataifunga papo hapo riwaya ambayo mhusika wake anakufa kwa kiu huku amezungukwa na maji ambayo yeye mwenyewe ameyanywa tangu utotoni.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuamua ni nini hasa kitakachowaua watu wako. Maji ya juu ya ziwa hili huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28, na maji ya namna hiyo hayamuui mtu kwa dakika chache kama yafanyavyo maji ya nchi za barafu, lakini kwa kuwa mwili wa binadamu una nyuzi 37, joto lake huvuja usiku kucha, hasa upepo unapovuma, na mtoto huishiwa nguvu kabla ya mtu mzima. Mkakamao wa misuli, mawimbi yanayompiga mtu usoni kila anapotaka kuvuta pumzi, na mikono ya jirani anayezama na kung'ang'ania shingo ya mwenzake ni hatari za kweli zaidi kuliko mnyama yeyote utakayembuni. Maji yenyewe yanyweke tu; adhabu yake, yaani kuhara au hata kipindupindu, inaweza kusubiri sura za mwisho.

Hatua ya pili, ambayo mimi huiweka mbele ya wahusika, ni kuchagua tarehe. Kati ya Mei na Septemba upepo mkali hutoka kusini-mashariki, na chochote kinachoelea ovyo karibu na hifadhi ya Gombe husukumwa kuelekea kaskazini-magharibi, yaani upande wa rasi ya Ubwari nchini Congo. Hapo tayari una tatizo la pili bila kulitafuta, kwa sababu walionusurika watafika nchi nyingine wakiwa hawana viatu wala kitambulisho. Kisha tazama mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza na kupumzika siku za mbalamwezi, kwa hiyo ajali ya usiku wa giza huwapa wahusika wako safu ya taa inayofanana na mji, karibu kiasi cha kuwatia tamaa na mbali kiasi cha kutosikia kelele zao, ilhali ajali ya usiku wa mwezi mpevu huwapa mwanga mzuri wa kuonana nyuso na ziwa lisilo na mtu. Ukiiweka hadithi yako katikati ya Mei 15 na Agosti 15 mwaka 2024, utakuwa umeiweka ndani ya miezi mitatu ambayo uvuvi ulifungwa ziwani humo, na mvuvi yeyote atakayewaokoa wahusika wako atakuwa ametoka kwa wizi. Mwokoaji wa namna hiyo ana thamani kubwa mno katika riwaya, maana akiwapeleka watu mwaloni, yaani mahali boti zinapotia nanga, anajipeleka na yeye mwenyewe mbele ya sheria.

Suala la simu lishughulikiwe mapema na kwa ufupi. Abiria wote wanazo, na msomaji atauliza ziko wapi. Nyingi zimelowa, moja imenusurika ndani ya mfuko wa sabuni, nayo imenasa mtandao wa nchi jirani huku haina salio.

Ajali ianzie kwenye upakiaji. Ukiwa mwaloni Kibirizi, ambako boti za abiria huondoka kwenda vijiji vya kaskazini hadi Kagunga mpakani, keti uangalie nani anapanda akiwa na nini, nani anaongezwa baada ya boti kujaa, na nahodha anaangalia wapi wakati huo. Historia ya maziwa yetu inatosha kukufundisha jambo hili. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 200, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha ya majina, ilhali wale wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Mtunzi mwenye jicho ataona hapo kisa kizima: mtu ambaye hakuna karatasi inayosema alisafiri, na mwingine ambaye jina lake limeandikwa ingawa alishuka dakika za mwisho. Jifunze kutoka kwenye misiba hiyo, lakini usiifanye kuwa msuko wa riwaya yako, kwa kuwa wenye wafu wangali hai na wanasoma. Buni boti yako, na ulibuni pia jina lililochorwa ubavuni mwake.

Wahusika saba au wanane wanatosha, hata kama boti ilibeba watu arobaini. Epuka kuwapanga kama wajumbe wa baraza, yaani mwalimu mmoja, mganga mmoja, tajiri mmoja na mlevi mmoja, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kuhutubia. Afadhali umpe kila mtu mzigo na deni. Kijana aliyefika kwa treni kutoka Tabora na ndoo mbili za asali, ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yanayompita magoti, atakuwa hai kwenye karatasi kabla hajasema neno, na mimi binafsi nawapenda zaidi wahusika wanaodaiwa, kwa kuwa kifo kwao si jambo lao peke yao.

Sehemu itakayobeba riwaya ni ile ambapo mzigo na uhai vinagongana, na Kigoma imekupa mzigo ulio tayari, nao ni mawese. Dumu la lita 20 lililojaa mawese huelea kwa shida, kwa sababu mafuta ni mepesi kidogo tu kuliko maji. Likimwagwa na kufungwa kifuniko barabara, dumu hilohilo laweza kushikilia juu ya maji uzito usiopungua kilo 15, na mtu aliyezama hadi shingoni hahitaji zote hizo ili pua yake ibaki hewani. Boti inapoingiza maji na injini imekufa, kumwaga mafuta kunapunguza uzito na kutengeneza maboya kwa wakati mmoja. Lakini mafuta yana mwenyewe. Andika tukio hili polepole, kwa mfano hivi:

“Mama, mwaga,” alisema nahodha.

“Nimwage nini, baba?”

“Mafuta, mama yangu. Dumu tupu linabeba mtu. Dumu la mafuta linabeba mafuta.”

Mama Zuhura alilegeza kifuniko cha dumu la kwanza, kisha akakikaza tena. “Haya nimepewa kwa mali kauli,” alisema. “Yana watu nyuma yake.”

Kijana wa asali, ambaye tangu Kibirizi hakuwa amemsalimia mtu, aliinua ndoo yake akaiinamisha juu ya maji. “Shikamoo, mama,” alisema. “Mimi nimeanza.”

Angalia kwamba hakuna aliyeeleza hofu yake. Shikamoo imechelewa safari nzima na imekuja pamoja na hasara, na hiyo inatosha kuwaunganisha watu wawili wasiojuana. Ukishafika hapo, usiliache tukio haraka. Mawese yakimwagika hutuliza kidogo vijiwimbi vilivyo karibu na boti, lakini pia huteleza: mbao za ubavuni hazishikiki, mpini wa dumu unaponyoka, na mtu aliyepewa boya anashindwa kulishika mpaka kitenge kipasuliwe na kusokotwa kuwa kamba. Kitenge hicho ni cha nani, na nani anageuza uso kinapovuliwa, ni kurasa nyingine tatu.

Kwa upande wa masimulizi, nafsi ya tatu inayomfuata mtu mmoja kwa kila sura inafaa kuliko sauti ya msimulizi anayejua yote, kwa sababu usiku ziwani mtu hajui hata idadi ya waliobaki mpaka wahesabiane kwa kuitana. Mazungumzo yawe mafupi, kwani aliyemeza maji hatoi hotuba. Mnyarwanda, Mrundi, Mbembe na Muha hawaongei Kiswahili kimoja, na aliyetoka ng'ambo ya Congo atasema batoto pale ambapo wa Kigoma atasema watoto; weka dalili chache za namna hiyo bila kuzigeuza kichekesho.

Kufika ufukweni kusiwe ndiyo wokovu. Sehemu kubwa ya mwambao huu ni milima inayoshuka moja kwa moja hadi majini, na wimbi linalompeleka mtu kwenye mwamba linaweza kumuua mbele ya macho ya wenzake. Baadaye kuna mwalo, orodha, ndugu waliokesha, na wale wenye mawese yao. Je, anayedaiwa ni Mama Zuhura, nahodha aliyetoa amri, mwenye boti aliyejaza abiria kupita kiasi, au wale wote walioelea kwa madumu yale? Mpe nafasi kila mdai azungumze mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na sura hiyo iandikwe kwa urefu uleule wa sura ya dhoruba.