Jinsi ya kupima mchango wa ikisiri za kongamano katika kigezo cha athari cha jarida

Mtafiti wa malaria kutoka Kisian, Kenya, akienda kongamanoni, ikisiri yake (muhtasari mfupi wa utafiti) huenda ikachapwa katika toleo la nyongeza la jarida, pamoja na mamia ya nyingine. Wahariri na wakutubi, wawe Maseno, Njoro au Kakamega, huhofu kwamba mrundo huo utaishusha namba ya athari ya jarida, inayopima jinsi maandiko yake yanavyonukuliwa. Hauishushi. Ukiigusa, huipandisha, na kiasi chake unaweza kukihesabu mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua kinachohesabiwa. Kigezo cha athari cha kampuni ya Clarivate, maarufu kama JIF (Journal Impact Factor), ni hesabu ya kugawanya, yenye namba juu na chini ya mstari. Kwa mwaka 2024, juu ya mstari huwekwa nukuu za 2024 zinazoelekea kwa chochote jarida lilichochapisha 2022 na 2023: makala, tahariri, barua, ikisiri, isipokuwa nukuu zinazotoka au kuelekea kwa maandiko yaliyofutwa. Chini ya mstari huingia makala za utafiti na makala za mapitio tu. Kwa hiyo ikisiri ikinukuliwa inaongeza juu. Isiponukuliwa, haipunguzi kitu.

Hatua ya 2: Vuta data. Ndani ya Web of Science, hifadhidata ya nukuu ya Clarivate, tafuta jina kamili la jarida, miaka 2022 na 2023. Kwenye aina ya andiko chagua "Meeting Abstract", kisha fungua "Citation Report" (ripoti ya nukuu) na usome safu ya 2024 peke yake. Jumla ya nukuu za miaka yote haikufai hapa, na kuichukua ndilo kosa linaloharibu hesabu nyingi. Rudia kwa makala na mapitio, halafu kwa aina zilizobaki. Ripoti haifunguki matokeo yakizidi 10,000. Jarida likiwa kubwa, gawa kwa mwaka.

Angalia vizuri andiko lenye lebo mbili, makala na "Proceedings Paper". Hilo ni makala kamili lililotokana na kongamano, nalo huhesabiwa chini ya mstari. Ukilichanganya na ikisiri, jibu lote linapotoka.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwenye lahajedwali. Tuchukue jarida la kubuni lenye makala na mapitio 120 na ikisiri 600. Nukuu za 2024: makala na mapitio 290, tahariri na barua 10, ikisiri 24.

- Kama ilivyo: 324 ÷ 120 = 2.7
- Bila nukuu za ikisiri: 300 ÷ 120 = 2.5
- Kama ikisiri zingehesabiwa chini pia: 324 ÷ 720 = 0.45

Tofauti ya 0.2 inatoka kwa ikisiri 600 ambazo nyingi hazikunukuliwa hata mara moja. Kwa jarida lenye makala chache, nukuu hizo 24 zingekuwa na uzito zaidi: gawanya kwa 40 uone, ni 0.6 nzima. Ndiyo maana si haki kulipima jarida dogo lenye toleo la nyongeza dhidi ya lisilo nalo bila kufanya hesabu hii kwanza.

Hatua ya 4: Linganisha na namba rasmi. Jumla yako huenda ikawa pungufu kidogo. Clarivate huhesabu pia nukuu zinazotaja jina la jarida na mwaka sahihi hata ukurasa ukiwa umekosewa, ilhali ripoti uliyovuta huonyesha zile tu zilizounganishwa na andiko lenyewe. Ikisiri huathirika sana, kwa sababu kurasa za nyongeza huandikwa kwa herufi S, na waandishi wengi huiacha.

Hatua ya 5: Pima kwa CiteScore pia. Kipimo hiki cha Scopus, hifadhidata nyingine ya nukuu, hutumia miaka minne, na aina zilezile za maandiko huwekwa juu na chini ya mstari. Ikisiri za kongamano hazimo kabisa. Jarida likiporomoka hapa ukilinganisha na wenzake huku JIF yake ikisimama imara, rudi kwenye hatua ya 2 ukague aina zote zilizo nje ya makala, tahariri na barua zikiwemo.

Hatua ya 6: Safisha marejeleo ya jarida lako. Ikisiri na makala iliyoifuata mara nyingi hubeba kichwa kimoja, na mwandishi hunakili DOI (namba ya utambulisho wa andiko mtandaoni) ya kwanza anayoiona. Nukuu inaangukia kwenye ikisiri, na makala yenye mbinu na majedwali inabaki bila chochote. Kabla ya kuchapisha, fungua kila rejeleo lenye ukurasa wa S au namba ya ikisiri, tafuta kama makala kamili imetoka, na mwombe mwandishi ainukuu hiyo.