Somo: Kuandaa Open Watcom ili kutengeneza programu za DOS kwa C

Wakuu, habari zenu. Programu ya DOS leo haihitaji kompyuta ya kizamani. Unaikompaili kwenye Windows au Linux yako, halafu unaijaribu ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Nashauri kompaila ya Open Watcom v2: ni ya bure na inatoa programu za biti 16 na za biti 32. Gemu ya Doom ya 1993 ilikompailiwa kwa Watcom ile ya asili.

1. Isakinishe kwenye C:\WATCOM. Kwenye chaguo, weka alama kwenye DOS ya biti 16 na ya biti 32.

2. Fungua dirisha la amri, andika:

set WATCOM=C:\WATCOM
set PATH=%WATCOM%\BINNT64;%PATH%
set INCLUDE=%WATCOM%\H

Wa Linux, kwenye PATH wekeni binl64, ila INCLUDE ibaki h. Ukiweka lh umechukua faili za vichwa (.h) za Linux, na hapo ndipo wengi hukwama.

3. Ndani ya C:\KAZI tengeneza hesabu.c. Jina lisizidi herufi nane, DOS haitaki marefu.

#include <stdio.h>
int main(void) {
  int bei = 300, idadi = 200;
  printf("%d\n", bei * idadi);
  return 0;
}

4. Kwenye dirisha lile lile la amri, ukiwa ndani ya C:\KAZI, andika: wcl -bcl=dos hesabu.c

5. Kwenye DOSBox:

mount c C:\KAZI
c:
hesabu

Itatoka -5536 badala ya 60000. Msiilaumu kompaila: kwenye biti 16, int inaishia 32767. Tumia long, na %d iwe %ld. Msimbo mwingi wa siku hizi ukiletwa DOS huharibikia hapa, tena kimyakimya.

MASWALI

Mkuu, DOSBox inagoma, inasema programu haiendeshwi kwenye DOS.
– Bila shaka umetumia wcl386 (amri ya biti 32) tupu, bila kutaja DOS, ikakutolea programu ya Windows. Angalia amri yako upya.

Data zangu zinazidi KB 64, nifanyeje?
– Ongeza -ml (modeli kubwa ya kumbukumbu) kwenye amri ya wcl. Ila bado utabanwa na KB 640 za DOS. Ukitaka zaidi, nenda biti 32: wcl386 -bt=dos -l=dos4g hesabu.c, kisha nakili DOS4GW.EXE (inayowezesha programu ya biti 32 kuendeshwa kwenye DOS) kwenye folda ya programu yako. Bila hiyo haiwaki.

Kwa nini usitufundishe DJGPP, ile kompaila ya GCC ya DOS?
– Ni nzuri, hasa kama umezoea GCC. Gemu ya Quake ilijengwa kwayo. Lakini inadai prosesa ya 386 kwenda juu. Mwenye kompyuta ya 286 kabatini haimfai.