Cheni ya baiskeli ya twiga: ikague kabla hujapanda

Baiskeli ya twiga ina gurudumu moja tu, na kiti chake kiko juu, futi 5 au 6 kutoka ardhini. Kwa kawaida haina breki; unapunguza mwendo kwa kuzuia pedali kwa miguu. Kwa hiyo cheni ikikatika au kuchomoka, huna tena cha kukushikilia.

Ukiunda mwenyewe, frihwili (gia inayozunguka bure ukirudisha pedali nyuma) haifai kabisa. Hata gia iliyokazwa kwa nyuzi za skrubu peke yake ni hatari, kwani kila unapozuia pedali inajifungua kidogo kidogo. Ifunge kwa bolti kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Idadi ya meno iwe sawa kwenye gia ya juu (ya pedali) na ya chini (ya gurudumu).

Sasa ulegevu. Bonyeza cheni katikati kwa kidole: icheze kama sentimita 1. Usipime mahali pamoja tu! Zungusha pedali polepole mzunguko mzima, maana gia nyingi si duara kamili, kisha pima pale inapokaza zaidi. Ikibana mno inakula beringi. Ikilegea inaruka meno. Kurekebisha cheni iliyolegea, legeza nati za ekseli, vuta gurudumu chini, weka tairi katikati ya fremu, kaza pande zote mbili.

Kamba za viatu zichomeke ndani, zisije zikanaswa na cheni.

Siku za mwanzo panda ukishika nguzo imara. Kushuka, rukia mbele, mkono mmoja ukishika kiti nyuma yako, na utue magoti yakiwa yamekunjwa.